Kadi Isifungiwe Sandukuni: Uuguzi na Ukuaji wa Binadamu Tangu Mimba Hadi Uzeeni

Maneno ya mada iliyosomwa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata kuhusu huduma za afya



Katika nyumba nyingi za pwani ya Tanga, kuanzia Pangani hadi Mkinga, kipo kisanduku au mfuko unaotunza vitu visivyotakiwa kupotea: hati ya shamba, cheti cha kuzaliwa, picha ya babu aliyetangulia mbele ya haki, na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo, ambayo wauguzi huiita kadi namba 1, ina mchoro wa mistari inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mtoto anapopimwa uzito, muuguzi huweka nukta, na nukta zikiunganishwa huonyesha mwendo wa ukuaji wake. Kadi nyingi zikifunuliwa, jambo moja hujitokeza. Nukta hufuatana vizuri hadi mwezi wa tisa, siku ya chanjo ya surua na rubela. Baada ya hapo hupungua, kisha hukoma. Mtoto hakukoma kukua. Kadi ndiyo iliyofungiwa sandukuni.

Mada hii ina neno moja la kusema: binadamu hubadilika tangu kutungwa kwa mimba hadi siku yake ya mwisho, na kila umri una hatari zake na mahitaji yake ya uuguzi. Anayekwenda kituoni pale tu anapougua hupata nusu ya huduma, kwa kuwa nusu nyingine imewekwa kwa ajili ya mtu aliye mzima.

Chuoni, wauguzi hufundishwa kutofautisha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kukua, yaani mwili kuongezeka kimo, uzito na ukubwa wa viungo. Hilo hupimwa kwa mizani na kwa ubao wa urefu. La pili ni kupevuka, yaani mtu kupata uwezo mpya: kukaza shingo, kugeuka, kukaa, kusimama dede, kutamka, kufikiri, kupenda, kushika wajibu. Hilo hupimwa kwa jicho, kwa maswali na kwa subira. Kukua husimama ujanani; kupevuka hakusimami. Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, aliyagawa maisha katika hatua nane, ya kwanza ikiwa ya kichanga anayejifunza kuamini wanaomlea, na ya mwisho ikiwa ya mzee anayeyatazama maisha yake kwa kuridhika au kwa majuto. Wenyeji wa pwani nao walizitambua hatua hizo zamani, na Kiswahili kimezipa majina: kichanga, kigori, mwari, barobaro, mtu mzima, mzee, ajuza na shaibu. Muuguzi hodari humwuliza mgonjwa anaumwa nini, na papo hapo hujiuliza yuko katika hatua ipi.

Safari huanza tumboni. Hapo pana desturi inayofahamika sana pwani: mimba changa hufichwa kwa kuogopa kijicho, na mama hufika kliniki tumbo likiwa limekwisha kuonekana, katika mwezi wa tano au wa sita. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini ina gharama. Kuanzia mwaka 2008, huko Korogwe, katika mkoa huu huu, watafiti waliwafuatilia wanawake wajawazito kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, wakapima ukuaji wa watoto walio tumboni mara kwa mara na kutengeneza chati ya uzito wa mtoto kabla ya kuzaliwa. Uchunguzi wa namna hiyo umeonyesha kwamba malaria katika ujauzito huzuia ukuaji wa mtoto, hata pale mama asipojisikia mgonjwa sana. Mtoto hupungukiwa kabla hajapewa jina. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na wahudumu angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa kabla ya kutimia wiki 12. Hapo hupimwa damu na shinikizo lake, hupewa vidonge vya madini chuma na foliki, chandarua chenye dawa, na baadaye dawa ya kumkinga na malaria. Siri ya mimba inaweza kuendelea kutunzwa, kwani muuguzi amefungwa na maadili ya kazi yake kutoitoa. Jirani hana haja ya kujua, mkunga anayo.

Baada ya kujifungua hufuata arobaini. Kumpumzisha mzazi, kumkanda, kumpikia vyakula vya nguvu na kumwepusha na kazi ni malezi mema ambayo hakuna muuguzi anayeyapinga. Hata hivyo, siku za hatari kubwa kwa mama na kichanga ni zile za juma la kwanza, wakati mlango umefungwa. Damu inayotoka kwa wingi, homa, maumivu makali ya kichwa, kichanga kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, kuwa wa baridi au wa moto, au kupata umanjano siku ya kwanza: yote hayo hayangoji siku ya arobaini. Ratiba ya huduma inamtaka mzazi na mtoto wake waonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Kutoka nje kwa ajili ya kupimwa hakuvunji arobaini, huilinda. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala mafuta. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya njano ambayo baadhi ya nyumba huyakamua na kuyamwaga, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, naye anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kisha maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, na kuendelea kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 au zaidi, muda ambao waumini wengi wa pwani wanaufahamu pia katika mafundisho ya dini yao.

Kuhusu kimo cha watoto, husikika kauli kwamba mtoto fulani ni mfupi kwa sababu ukoo wake ni wa wafupi. Mara chache ni kweli. Mara nyingi ni udumavu. Mchoro unaotumika kupima ukuaji wa watoto duniani ulitolewa mwaka 2006 baada ya kupimwa watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto hao walinyonyeshwa ipasavyo, walilishwa vizuri na kuishi katika mazingira safi. Mtoto wa Maskati, ambako wengi wa pwani hii wana ndugu, alikua sawa na mtoto wa Oslo, na wa Accra hakupishana nao. Maana yake ni kwamba katika miaka mitano ya mwanzo, watoto wa mataifa mbalimbali wakipata haki yao hulingana kwa kimo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Pwani haina uhaba wa dagaa, maharage, mchicha, nazi, mayai wala maembe. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango wa kumlisha mtoto mdogo mara kwa mara kwa siku, badala ya kumpa uji mtupu wa mahindi asubuhi na jioni. Nukta zinazolala kwenye kadi humwonya muuguzi miezi kadhaa kabla jicho la jirani halijaona chochote.

Wapo wanaodhani kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa. Dawa moja inatosha kuonyesha kosa hilo. Kati ya mwaka 2005 na 2010 ulifanyika utafiti mkubwa juu ya malaria kali kwa watoto, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Muheza na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Sindano ya atesuneti ililinganishwa na kwinini, na vifo vikapungua kutoka karibu 11 hadi kati ya 8 na 9 katika kila watoto 100. Kwa matokeo hayo, tiba ya malaria kali ya watoto ilibadilishwa barani Afrika, na watoto wa mkoa wa Tanga wana sehemu yao katika mabadiliko hayo. Baadaye iligunduliwa kwamba mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 huhitaji dawa hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Kwa hiyo, kumkatia mtoto kipande cha kidonge cha baba yake kwa kukisia ni hatari ya aina mbili: dawa nyingine humzidi, nyingine humpungukia.

Hapo ndipo linapoingia suala la degedege. Wazee wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba mtoto anayekakamaa na kugeuza macho amepitiwa na kitu cha angani, na kwamba sindano humwua. Hofu hiyo ina chanzo chake: watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafariki, na lawama ikaishia kwenye sindano. Kilichoua ni saa zilizopotea njiani. Mtoto wa umri huo mwili wake haujajijengea kinga ya malaria, na ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye ubongo kwa muda mfupi. Mtoto anapopata degedege alazwe kwa ubavu, asitiwe chochote mdomoni, wala asishikwe kwa nguvu, kisha apelekwe kituoni bila kukawia. Mwenye kutaka kumwombea dua, dua husomwa pia juu ya pikipiki.

Ipo hatua nyingine ambayo huduma huipoteza, nayo ni ile ya kati ya miaka mitano na ujana. Mtoto amekwisha kuchanjwa, hajawa mgonjwa, na hakuna anayemwuliza lolote isipokuwa matokeo ya shule. Mwili wake, hata hivyo, unajiandaa kwa mabadiliko makubwa. Zamani kigori alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, na mvulana alikwenda jandoni. Huko walifundishwa usafi, adabu na siri za mwili. Mafunzo hayo yamepungua katika mitaa mingi, na nafasi yake imejazwa na simu na maneno ya vijiweni. Binti anayeshtuka kuona damu shuleni, asiye na taulo wala mtu wa kumwuliza, hubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Kijana mwenye usaha au maumivu hununua dawa dukani kwa aibu. Wauguzi wamefunzwa kuwahudumia vijana kwa faragha na bila karipio, lakini kijana hatafika ikiwa anaamini kwamba habari zake zitamtangulia nyumbani. Wazazi wanaweza kusaidia kwa jambo dogo: kumruhusu mtoto aingie peke yake kwa muuguzi.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Umri huo ulichaguliwa kwa sababu kinga hujengeka vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi kinachosababisha ugonjwa huo. Uvumi kwamba chanjo hiyo huharibu uzazi hauna ukweli. Mama wa kesho hulindwa akiwa bado kigori.

Utu uzima huonekana kama umri usiohitaji muuguzi. Kimo kimetulia, nguvu ipo, na mtu yuko baharini, shambani au kwenye mkonge. Wanaume hasa hupotea kabisa katika daftari za zahanati, isipokuwa wanapowasindikiza wake zao. Lakini magonjwa mengi ya umri huu hujenga nyumba yake kimyakimya. Pwani ya Tanga ina mfano wake mkongwe: matende na mabusha. Minyoo inayosababisha ugonjwa huo huletwa na mbu, na mara nyingi huingia mwilini utotoni. Mguu au korodani huvimba miaka mingi baadaye, wakati mtu ni baba wa watoto. Ndiyo sababu ugawaji wa kingatiba, ulioanza katika mkoa wa Tanga mwaka 2004, uliwahusisha pia watu waliojiona wazima na watoto wasio na uvimbe wowote. Aliyemeza vidonge akiwa mtoto ameepushwa na aibu ya uzeeni. Aliyekwisha kuvimba naye hakuachwa: busha hutibiwa kwa upasuaji, na mguu wenye matende hupata nafuu kwa kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji, kukaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, na kuinuliwa wakati wa kupumzika.

Shinikizo la juu la damu na kisukari hufuata mwendo huo huo wa kimya. Presha haina maumivu yake maalumu. Mtu anaweza kubeba gunia la mahindi leo na kupooza upande mmoja kesho, kisha jamaa wakasema ametupiwa kitu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, huo ni mwito wa kuanza matibabu na kupunguza chumvi, na matibabu hayo hayakomi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anatibiwa. Mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi naye asiachwe na joto na kukosa usingizi kama mtu aliyelaaniwa. Ni mabadiliko ya umri, na yapo mashauri yake.

Kisha huja uzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Neno linalowaumiza wazee kuliko ugonjwa wenyewe ni lile jepesi linalosemwa na watoto wao: "Ni uzee tu." Mzee haoni vizuri, ni uzee tu, kumbe ana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi na mzee akaweza tena kusoma na kuwatambua wajukuu zake. Mzee amekonda, ni uzee tu. Kumbe meno yamekwisha na anapewa ugali mgumu. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi ameanza leo kuweweseka na kuwasahau wanawe, ni uzee tu; kumbe ana maambukizi ya kifua au ya mkojo, au ana malaria, au amepungukiwa maji. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa saa au siku chache, ni dharura, hata kama mwili hauna joto, kwani mwili wa mzee mara nyingine huugua bila kupandisha homa. Kiu yake nayo hupungua, hivyo maji apewe bila kungoja ayaombe. Figo zake huchuja dawa taratibu, hivyo dozi iliyomfaa kijana wake inaweza kumlevya na kumwangusha.

Mzee huhitaji pia kuulizwa ushauri. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee asiyeulizwa neno hunyong'onyea kabla ya wakati wake. Muuguzi anayemwamkia kwa shikamoo, akamketisha, akazungumza naye mwenyewe badala ya kuzungumza na mjukuu aliyemleta, tayari ameanza kumtibu.

Hata mwisho wa safari una uuguzi wake. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena, ipo tiba shufaa, ambayo Hospitali Teule ya Muheza imekuwa na uzoefu nayo kwa miaka mingi. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kusafisha vidonda, kuwashika mkono wanaouguza, na kumwacha mgonjwa azungumze na watu wake na kumwomba Mola wake kwa utulivu. Kumrudisha mgonjwa nyumbani hakumaanishi kwamba hakuna kilichobaki cha kufanya.

Kwa kuwa mkutano huu ni wa wakazi, yafaa kila kaya iondoke na kazi. Kwanza, kisanduku kifunguliwe leo jioni na kadi zitazamwe: mtoto aliyepitisha miezi 18 bila chanjo ya pili ya surua na rubela apelekwe, na aliye chini ya miaka mitano arudishwe kwenye mizani. Pili, mwenye mimba asingoje tumbo lionekane. Tatu, kila mtu mzima, hasa mwanamume, apime presha hata kama hana shida yoyote. Nne, mzee wa nyumba aulizwe mambo matatu: anaonaje, anakulaje, na kama ameanguka mwaka huu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wahudumiwe bila malipo. Mwenye kukwama katika hilo apeleke habari kwa mjumbe wake wa kamati ya afya au kwa ofisi ya kata, badala ya kurudi nyumbani na ugonjwa.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walimsema mtoto, lakini neno lao linamfikia kila mmoja, kwani hakuna umri ambao binadamu hahitaji kulelewa. Kadi namba 1 ina nafasi ya miaka mitano pekee. Miaka inayobaki haina mchoro wa kuijaza, na kwa hiyo huhitaji kukumbushana: mke amkumbushe mume, mzazi amkumbushe kijana, mjukuu amkumbushe bibi, na muuguzi awakumbushe wote.